Tafsiri ipi ya sutta za Buddha uanze nayo: Bodhi, Sujato au Thanissaro?

Kila Jumatano baada ya magharibi tunakaa wanne kwenye baraza la mama mmoja, nesi mstaafu, tukiwa na sutta moja, yaani hotuba moja, ya Buddha. Mimi nina kitabu kinene cha Bhikkhu Bodhi. Wenzangu wawili wanasoma kwenye simu, mmoja tafsiri ya Bhikkhu Sujato, mwingine ya Thanissaro Bhikkhu. Mama hasomi, macho yake yamechoka na herufi ndogo. Anasikiliza, kisha anauliza swali lake lile lile: "Haya wanangu, kwa Kiswahili kasema nini?"

Siku tuliyosoma hotuba ya kwanza, ile ambayo Buddha aliwapa watawa watano kule Isipatana karibu na Varanasi, tulishindwa kumjibu. Kwangu mimi na kwa msomaji wa Sujato, Buddha alisema kuzaliwa ni mateso, kuzeeka ni mateso, kufa ni mateso. Kwa msomaji wa Thanissaro, vyote hivyo vina stresi. Mama akatuangalia. "Stresi ni ya wagonjwa wangu wa presha. Mtu kafiwa na mwanawe, utamwambia ana stresi?"

Neno la Kipali, lugha ya kale ya maandiko haya, lililotugombanisha ni dukkha. Wote watatu wamelitafsiri kutoka chanzo kimoja, na wote watatu wanakijua Kipali kuliko nitakavyokijua mimi maisha yangu yote. Ndiyo maana vijana wakiniuliza tafsiri ipi ni sahihi, huwa nawarudishia swali jingine: unataka mfasiri akuamulie mambo gani, na yapi uyaamue mwenyewe? Hapo ndipo hawa watatu wanapoachana njia, na hapo ndipo pa kuchagulia.

Wenyewe ni akina nani

Bodhi ni Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1944 na kupata utawa Sri Lanka. Vitabu vyake vitatu vikubwa ni tafsiri za nikaya, yaani mikusanyo ya sutta: Majjhima Nikaya ya 1995, Samyutta Nikaya ya 2000 na Anguttara Nikaya ya 2012. Hicho cha kwanza hakikuanzia mikononi mwake. Mtawa Mwingereza, Ñanamoli, alifariki mwaka 1960 akiacha sutta zote 152 za Majjhima zimetafsiriwa kwa mkono kwenye madaftari. Ñanamoli alikuwa na ujasiri wa ajabu: hata neno Dhamma, yaani mafundisho ya Buddha, ambalo wengi huliacha lilivyo, alilitafutia Kiingereza chake. Bodhi alipoyahariri madaftari yale alirudisha maneno mengi kwenye njia iliyozoeleka. Kitendo hicho kimoja kinatosha kumweleza Bodhi alivyo. Bodhi ni mhifadhi. Anaheshimu walimu waliotangulia, na nyuma ya kila kitabu ameweka maelezo mengi mno, mengi yakitoka kwa Buddhaghosa, mfafanuzi wa karne ya 5 huko Sri Lanka. Ukimsoma Bodhi, unasoma sutta pamoja na miaka zaidi ya 1,500 ya watu walioisoma kabla yako.

Thanissaro naye ni Mmarekani. Alipata utawa Thailand mwaka 1976, katika mkondo wa watawa wa msituni, na tangu 1993 anaongoza monasteri huko California. Hakutafsiri kila kitu. Alichagua sutta zile anazoona zinamsaidia mtu anayekaa chini kutafakari, nyingi akaziwekea utangulizi, na kazi zake hugawiwa bure. Yeye ana msimamo, wala haufichi.

Sujato ni Mwaustralia aliyezaliwa 1966. Mwaka 2005 alianzisha SuttaCentral pamoja na wenzake, tovuti inayoweka maandiko ya awali ya Kibuddha ya Kipali, Kichina, Kisanskriti na Kitibeti mahali pamoja ili yalinganishwe. Kati ya 2015 na 2018 alijitenga kwenye kisiwa kidogo cha Qimei, Taiwan, akatafsiri nikaya nne kuu. Alitaka Kiingereza ambacho mtu wa kawaida atakisoma bila kujikwaa, kisha akaitoa kazi yote kwa umma bila kubakiza haki yoyote.

Kuna pia juzuu za zamani za Pali Text Society, jumuiya iliyoanzishwa London mwaka 1881 na T. W. Rhys Davids, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ceylon. Utazikuta mtandaoni bure. Zina heshima yake, bila wao wengine wasingekuwa na pa kusimama, lakini Kiingereza chake ni cha kanisani karne ya 19. Usianze huko.

Neno moja, mioyo mitatu

Turudi kwenye dukkha, kwa sababu neno hili ndilo litakalokuonyesha unamhitaji nani.

Bodhi na Sujato wameandika "suffering". Ni neno zito na lina faida ya kutopunguza msiba wa mtu. Ubaya wake unaonekana mwishoni mwa sentensi ile ile. Baada ya kutaja kuzaliwa, uzee na kifo, kukutana na usichokipenda na kutengana na unachokipenda, Buddha anafunga kwa ufupi: mafungu matano yanayoshikiliwa ni dukkha. Yaani mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na ufahamu, vitu vinavyotufanya tuseme "mimi". Sasa mtu aliyeshiba, mzima, ameketi kivulini na wajukuu wake, utamwambia anateseka? Hapo neno "mateso" linagoma.

Thanissaro aliliona hilo. "Stress" inaingia mahali ambapo mateso hayaingii: ule usumbufu mdogo wa kuketi, wa kungoja, wa kushikilia jambo zuri usije ukalikosa. Kwa mtu aliyekaa kimya nusu saa akijichunguza pumzi, neno hilo linafanya kazi. Linageuza ukweli wa kwanza kuwa kitu cha kuangalia papo hapo, mahali ulipokaa. Lakini msibani linakuwa dogo mno, na Mama alilisikia hilo mara moja bila kujua Kipali hata neno moja.

Nikajaribu Kiswahili. "Mateso" kwa sikio letu yanakuja na mtesaji. Kuna askari, kuna mjeledi, na kwa Wakristo kuna Ijumaa Kuu. "Taabu" ni nyepesi. "Dhiki" ilinivutia zaidi, ni neno lenye upana, dhiki ya pesa, dhiki ya moyo, dhiki ya nafasi ndani ya daladala. Kisha ikaja methali ikaniharibia: baada ya dhiki, faraja. Kwa mwenye methali hii, dhiki ni msimu. Inapita, faraja inashika zamu. Buddha anasema jambo kali zaidi. Katika Samyutta dukkha imetajwa kwa namna tatu: dukkha ya maumivu yenyewe, dukkha ya kubadilika, na dukkha ya kuwa kitu kilichoundwa na visababishi. Hiyo ya pili ndiyo faraja yenyewe, kwa kuwa haikai. Mswahili akisoma "dhiki" bila maelezo atangoja faraja ije, naye Buddha amekwisha kuihesabu ndani.

Kwa hiyo kwenye daftari letu tumeandika dukkha, na pembeni dhiki, na pembeni yake tena, kwa mwandiko wa mwenzangu, "kutotosheka". Bodhi angetuunga mkono kwa kuweka maelezo. Thanissaro angetuambia tuchague neno moja tulisimamie. Sujato, nadhani, angeuliza kama Mama ameelewa.

Wanavyoita watu

Hili nitalipita haraka ingawa linanifurahisha. Buddha huanza mara nyingi kwa kuita bhikkhave. Wazee wa Pali Text Society waliandika "brethren", Thanissaro "monks", Bodhi akaacha "bhikkhus", Sujato akaandika "mendicants", waombaji, kwa sababu ndiyo maana ya mzizi wa neno na kwa sababu haliwafungii nje wanawake. Kwa Kiingereza huu ni mjadala mrefu. Kwa Kiswahili haupo. "Enyi watawa" inawachukua wote, na "ndugu" vilevile. Kuna mahali lugha yetu inaanza mbele.

Buddha mwenyewe alionaje tafsiri?

Ukisoma watafsiri hawa kwa muda utagundua kwamba ugomvi wao ni wa kale kuliko wao, na umo ndani ya maandiko yenyewe.

Katika vitabu vya nidhamu ya watawa, ndugu wawili waliozaliwa Mabrahmani, tabaka la makuhani, walimwendea Buddha kulalamika kwamba watawa wa kila kabila na kila ukoo wanayaharibu maneno yake kwa lugha zao. Wakaomba ruhusa wayaweke katika mtindo wa mashairi matakatifu ya Veda. Buddha akawakemea, akaagiza mafundisho yafunzwe sakaya niruttiya, kwa "lugha yake mwenyewe". Lugha ya nani? Wasomi wengi wa leo wanasema ya kila msikilizaji. Buddhaghosa alisema ni ya Buddha, yaani ya Magadha. Neno moja la umilikaji, na juu yake unaweza kujenga hoja mbili zinazopingana: tafsiri kila mahali, au usitafsiri kabisa.

Mahali pa pili ni MN 139, yaani sutta ya 139 ya Majjhima. Buddha anatoa mfano wa bakuli. Huku wanaliita pati, kule patta, kwingine sarava, kwingine pona. Mtu wa amani, anasema, halazimishi jina la kwao kana kwamba mengine ni makosa, wala hapuuzi maneno ambayo watu wamekubaliana. Anatumia jina la alipo. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hili. Sisi tuna bakuli na bunguu, na hatujawahi kukosa uji kwa sababu hiyo.

Sujato anasimama wazi upande wa bakuli la mahali. Bodhi anakubali, ila baadhi ya vyombo anavirudisha mezani na majina yake ya Kipali: Nibbana, ukombozi wenyewe; Tathagata, jina ambalo Buddha hujiita; na Dhamma. Anaona kwamba kuna maneno ambayo ukishayapa jina la hapa, msomaji atadhani anayajua. Watafsiri wa Kichina walilijua jambo hilo tangu zamani. Kumarajiva, aliyetafsiri kule Chang'an mwanzoni mwa karne ya 5, alilinganisha kazi yake na kumtafunia mtu wali kisha kumpa ale: ladha imekwisha, na zaidi ya hapo inatia kichefuchefu. Hata hivyo aliendelea kutafuna, na Wachina bado wanazisoma tafsiri zake.

Sisi Kiswahili chetu kimekiri jambo hili ndani ya neno lenyewe. Kwa Kiarabu tafsir ni ufafanuzi wa maana, na kuhamisha maneno kutoka lugha hadi lugha ni tarjama. Tarjuma tunayo pia, lakini wengi tulilichukua "tafsiri" tukalipa kazi zote mbili. Anayesema ametafsiri amekwisha kusema kwamba amefafanua. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alipotoa Qurani Takatifu mwaka 1969, aliweka Kiarabu na Kiswahili pamoja na maelezo yake chini, na msomaji akaona wazi lipi ni lipi. Ukiuliza ni nani kati ya hawa watatu wa Kibuddha anayekaribia adabu hiyo, kuna majibu mawili: Bodhi kwa maelezo yake, na Sujato kwa sababu SuttaCentral inakuruhusu kuwasha Kipali sentensi kwa sentensi kando ya tafsiri.

Moto haujashika

Jumatano nyingine tulikuwa na MN 72. Msafiri aitwaye Vaccha anamuuliza Buddha mtu aliyekombolewa anakwenda wapi akifa. Buddha anamuuliza: moto huu ulio mbele yako ukizimika, utasema umekwenda mashariki, magharibi, kaskazini au kusini? Vaccha anajibu kwamba swali halifai. Moto uliwaka kwa kutegemea upadana ya nyasi na kuni, ilipokwisha ukazimika.

Upadana hapo ni kuni, chakula cha moto. Lakini neno hilo hilo ndilo lililo kwenye yale mafungu matano "yanayoshikiliwa", ndilo kiungo katika mnyororo wa chanzo cha dukkha. Kwa Kiingereza hakuna neno moja la kuni na la kushikilia. Bodhi anaandika "fuel" kwenye moto na "clinging" kwenye moyo. Thanissaro hakutaka kulipoteza hili: katika mnyororo ule ameandika maneno mawili yaliyotenganishwa kwa mkwaju (/), kushikilia na riziki, na nibbana akaiita "unbinding", kufunguka, kwa hoja kwamba Wahindi wa kale waliuona moto unaowaka kama mfungwa wa kuni zake. Sujato ameandika "extinguishment", kuzimika, basi.

Tulikuwa tukibishana hapo wakati Mama anapepea jiko la mkaa. Nikamwomba aje atusikilize. Akasema: "Subirini kidogo, moto haujashika."

Tulitazamana. Moto hushika. Mkaa umeshika. Nyumba imeshika moto. Kila siku tunasema, na hakuna aliyewahi kulisikia. Kile ambacho Thanissaro alikitafutia maneno mawili na mkwaju katikati, kimekaa ndani ya kitenzi kimoja cha jikoni. Na mbele kidogo kuna jingine: moto ukiisha tunasema umezima, na mtu aliye timamu, asiyepungukiwa, tunamwita mzima. Sidai kwamba mzizi ni mmoja. Nasema sikio la Mswahili likisikia nibbana imeitwa kuzimika halitasikia giza peke yake, na wasiwasi wa Wazungu wengi kwamba nibbana ni kupotea tu, kwetu ungepata pa kupoozwa.

Nililigundua hilo kwa sababu watafsiri walitofautiana. Kama tungekuwa na kitabu kimoja tungelipita.

Basi uchukue ipi?

Kama hujawahi kusoma sutta hata moja, anza na Sujato. Ni bure, iko kwenye simu, sentensi zake fupi, na ukikwama unagusa Kipali kinatokea. Kasoro yake ni kwamba wepesi wake wakati mwingine unapita mbele ya neno gumu kama hakuna kitu. Sankhara, ile misukumo ya nia, kwenye mnyororo ule ameiita "choices", machaguo. Imeeleweka upesi, na imeacha nje mengi ambayo Bodhi anayabeba kwa "volitional formations", maneno mawili mazito yasiyopendeza mdomoni lakini yanayokuzuia usipite mbio.

Kama unasoma kwa ajili ya kufundisha, kuandika, au una swali linalokunyima usingizi, tafuta Bodhi. Ni ghali kuagiza, na Samyutta peke yake ina takriban kurasa 2,000. Changeni watu kadhaa kama tulivyofanya sisi. Ujue pia kwamba marudio mengi ameyakata kwa nukta tatu. Sutta zilikaririwa kwa mdomo kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Nyingi huanza kwa "hivi ndivyo nilivyosikia", kama tulivyozoea "imepokewa kutoka kwa fulani", na marudio yale ndiyo yaliyozibeba. Ukisoma kwa macho, nukta zinakupunguzia kazi. Ukisoma kwa sauti barazani, unakosa kiitikio.

Thanissaro mchukue kama unatafakari kila siku na unataka mtu mmoja akushike mkono kwa msamiati mmoja usioyumba. Usimchukue akiwa peke yake. Msimamo wake ni wa nguvu kiasi kwamba baada ya mwaka unaweza kusahau kuwa ni wake.

Na kama wewe ni miongoni mwa wachache wanaofikiria kuziandika hizi kwa Kiswahili, kazi ya Sujato unaweza kuijenga juu yake bila kuomba ruhusa. Za Thanissaro ni bure mradi usizifanyie biashara. Za Bodhi uulize kwanza mchapishaji. Lakini ninakusihi usitafsiri kutoka Kiingereza pekee. Ukifanya hivyo utamletea Mama stresi au mateso, na "kushika" hutaliona kamwe, kwa kuwa Kiingereza kilikwisha kulipasua vipande viwili kabla halijakufikia. Fungua Kipali, hata kama unajua maneno hamsini tu.

Jambo la mwisho ni namba, maana zimewapoteza wengi. SN 56.11 ni Samyutta, sehemu ya 56, sutta ya 11, na watafsiri wa leo huandika hivyo. Vitabu vya zamani vitakuandikia S v 420, yaani juzuu ya 5, ukurasa wa 420 wa chapa ya Kipali. Ni sutta ile ile. Kwenye Anguttara na Samyutta namba zinaweza kupishana kwa moja au mbili kati ya toleo na toleo, hivyo shika pia jina la sutta. Ukitaka kujipima na hawa watatu kwa wiki moja, soma MN 63 yenye mfano wa mshale wa sumu, kisha MN 72, kisha SN 56.11, kila moja kwa tafsiri mbili. Sisi Jumatano ijayo tuna SN 35.28, hotuba ya moto, na Mama ameomba tuwahi, jiko likiwa bado linawaka.